Shajara ya mradi: Mbwa majike wazee wanaovuja mkojo

Kuhusu mradi

Mradi uko kwenye banda la mbwa wazee jijini Dar es Salaam. Tunafuatilia jambo moja. Mbwa jike mzee aliyefungwa kizazi anaamka asubuhi matandiko yamelowa na yeye mwenyewe hana habari. Kati ya vitu vinavyosifiwa kuwa dawa za asili, kipi kinapunguza kuvuja huko, kipi hakifanyi lolote, na kipi kinamzidishia?

Wameingia majike wanne. Malkia ni chotara wa Rottweiler, kilo 36, miaka 9. Sinta ni German Shepherd, kilo 31, miaka 10. Zawadi ni chotara wa Boxer, kilo 27, miaka 8. Kahawa ni mbwa wa kienyeji, kilo 18, miaka 11. Wote walitolewa ovari na mji wa mimba wakiwa bado wadogo, na wote wameletwa na maelezo yaleyale: anakojoa kitandani.

Maelezo hayo ndiyo ya kwanza kuchunguzwa, kwa sababu kukojoa na kuvuja ni mambo mawili. Mbwa anayekojoa anachuchumaa, anajua anachofanya, na anaacha dimbwi. Anayevuja amelala. Misuli inalegea usingizini, mkojo unatoka taratibu, manyoya ya nyuma ya mapaja yanalowa, naye akiamka anajilamba. Akitolewa nje mchana anakojoa kwa mkondo mzuri kama mbwa mwingine yeyote. Kumfokea au kumchapa ni kumwonea, maana hakuna alichokiamua.

Ovari zikitolewa, homoni ya estrojeni inashuka. Homoni hiyo ndiyo inayoufanya msuli unaozunguka mrija wa mkojo usikie vizuri amri ya neva ya kubana. Ikikosekana, msuli unaitikia kwa ulegevu, na kadiri miaka inavyopita nyama ya mrija inapungua unyumbufu. Kuvuja huanza mara nyingi miaka kadhaa baada ya upasuaji. Mbwa wa zaidi ya kilo 20 wako hatarini zaidi, na Boxer, Rottweiler na Doberman hutajwa mara kwa mara. Ni kama koki ambayo mpira wake umechoka: tangi likiwa na maji kidogo haidondoki, likijaa inadondoka. Mradi wote umejengwa juu ya hoja hiyo. Chochote kinachojaza kibofu usiku kinamdhuru mbwa huyu, hata kama kimetoka shambani bila kemikali yoyote.

Tusieleweke vibaya: hatusemi majike wasifungwe kizazi. Usaha wa mji wa mimba unaua, na watoto wa mbwa wanaotupwa majalalani tunawaona. Kuvuja kunatibika, tena mara nyingi kwa gharama ndogo.

Wiki ya 1: vipimo kabla ya dawa yoyote

Hakuna aliyepewa jani wala mbegu wiki hii. Kila jike amekaa peke yake na bakuli lake la maji kwa saa 24. Asubuhi tunajaza lita 4 kwa jagi lenye alama, jioni na asubuhi inayofuata tunapima kilichobaki. Mbwa wa kawaida hunywa karibu mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Akipita mililita 100 kwa kilo, tatizo halipo kwenye msuli wa kubana, lipo kwenye kiu, na chanzo cha kiu lazima kitafutwe kwanza: kisukari, figo, ini, tezi za adrenali, na kadhalika. Joto la Dar linapandisha unywaji, kwa hiyo tumepima siku tatu na kuchukua wastani.

Malkia: lita 2.6, sawa na mililita 72 kwa kilo. Zawadi: lita 1.5. Kahawa: lita 1. Sinta: lita 4 zilikwisha na akalamba bakuli. Hiyo ni zaidi ya mililita 125 kwa kilo.

Mkojo tumeukinga asubuhi kwa upawa wenye mpini mrefu, katikati ya mkondo, na kuupima ndani ya nusu saa. Angalizo kwa wanaonunua vijiti vya kupimia mkojo wa binadamu: sehemu ya sukari, damu na pH inatumika kwa mbwa. Sehemu ya chembe nyeupe na ile ya uzito wa mkojo (ukilinganishwa na maji, ambayo ni 1.000) haziaminiki kwa mbwa kabisa. Uzito wa mkojo unapimwa kwa refraktomita, kifaa kidogo cha kuchungulia kwa jicho, tone moja tu linatosha. Mkojo wa asubuhi wa mbwa mwenye figo nzuri kwa kawaida unapita 1.030. Ukibaki kati ya 1.008 na 1.012 kila unapopima, figo hazikazi mkojo tena.

Sinta ana sukari nyingi kwenye mkojo. Damu imethibitisha kisukari. Ametolewa kwenye mradi na kuanzishiwa insulini na daktari wa mifugo. Tunalisisitiza hili kwa sababu mmiliki wake wa zamani alikuwa ameshauriwa ampe chai ya majani kwa miezi: kisukari cha mbwa hakina mmea unaochukua nafasi ya insulini. Mbwa wa aina hii anavuja kwa sababu kibofu kinajaa kupita uwezo wa msuli ambao huenda ni mzima.

Kahawa ana damu kidogo kwenye mkojo na anachuchumaa mara kwa mara mchana akitoa matone. Hiyo si picha ya msuli uliolegea peke yake. Daktari amechukua mkojo kwa sindano kupitia ukuta wa tumbo, njia pekee inayotoa sampuli isiyochafuliwa na bakteria wa ngozi, na kuupeleka kuoteshwa. Pia amemkagua ukeni kwa kidole. Huku kwetu usiruke hatua hiyo: uvimbe wa kuambukiza unaoenezwa kwa kujamiiana bado ni wa kawaida kwa mbwa waliowahi kuzurura, nao unadondosha majimaji yenye damu ambayo wengi huyachukulia kuwa mkojo. Kahawa hana.

Malkia na Zawadi: mkojo safi, umekaza vizuri, mgongo na miguu ya nyuma haina kasoro. Hawa wawili ndio wanaovuja kwa sababu ya msuli.

Wiki ya 2: kupata kipimo cha kuanzia

Bila kupima, kila dawa itaonekana inafanya kazi. Kuvuja kunapanda na kushuka kwenyewe, na anayeona nafuu ni yuleyule aliyeinunua dawa. Tunapima hivi:

Taulo mbili kuukuu za pamba kwa kila jike, zimefuliwa na kukauka kabisa. Tunazipima kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, tunaandika uzito kwa kalamu isiyofutika pembeni ya taulo. Taulo inatandikwa juu ya plastiki saa 4 usiku baada ya mbwa kutolewa nje, na kupimwa tena saa 11 alfajiri kabla hajatoka. Gramu moja iliyoongezeka ni takriban mililita moja ya mkojo. Bakuli la maji linakaa mbali na taulo ili asidondoshee mate na maji. Siku ya mvua yenye unyevu mwingi, taulo ya tatu isiyolaliwa inapimwa pia, ili kujua hewa imeongeza gramu ngapi.

Malkia yuko kati ya gramu 90 na 140 kwa usiku. Zawadi kati ya 40 na 70, lakini kila usiku bila kukosa.

Majibu ya Kahawa yamerudi: E. coli, bakteria wa kawaida wa utumbo. Amepewa antibiotiki ya amoksisilini miligramu 15 kwa kilo mara mbili kwa siku kwa siku 5, kulingana na jinsi bakteria walivyoonyesha kuuawa na dawa hiyo. Maambukizi yanaweza kusababisha kuvuja, na kuvuja kunaweza kuleta maambukizi, kwa hiyo atapimwa taulo upya baada ya dawa kwisha.

Wiki ya 3 na 4: chumvi

Hili ndilo tusilolikuta likitajwa popote kwenye orodha za dawa za asili, na kwa mbwa wa pwani tunalipa nafasi ya kwanza.

Chakula cha Malkia kilikuwa ugali na dagaa, kama mbwa wengi mjini. Dagaa walikuwa wa Zanzibar. Dagaa wa pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo inabaki ndani. Dagaa wa Mwanza kwa kawaida huanikwa juani bila kuchemshwa na chumvi. Mbwa wa kilo 36 anayekula gramu mia moja na zaidi za dagaa wa chumvi kwa siku atakunywa, na akinywa atakojoa, na akilala kibofu kimejaa atavuja.

Tumebadilisha kitu kimoja tu: dagaa wa Mwanza badala ya dagaa wa pwani, kwa uzito uleule. Wanachambuliwa mchanga, wanaoshwa maji mawili, wanachemshwa dakika 10 bila chumvi. Asiyepata dagaa wa ziwa awaloweke wa pwani nusu saa, amwage maji, arudie, ndipo achemshe. Chumvi haitoki yote lakini inapungua sana. Makombo ya mchuzi wa watu yameondolewa, kwa chumvi yake na pia kwa kitunguu, ambacho huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa, kiwe kibichi, cha kupikwa au cha unga.

Unywaji wa Malkia umeshuka hadi lita 1.9 kwa siku. Taulo zimeshuka hadi kati ya gramu 60 na 95. Zawadi alikuwa anakula chakula kikavu cha dukani, kwa hiyo kwake hakuna kilichobadilika, na taulo zake hazijabadilika pia. Tunaona hiyo ni ishara nzuri kwamba kilichofanya kazi kwa Malkia ni chumvi.

Maji hayakupunguzwa kwa yeyote. Kumnyima maji mbwa anayevuja ni kosa ambalo bado linashauriwa. Mkojo unakuwa mkali, unachoma ngozi zaidi, fuwele zinapata nafasi ya kujikusanya, na kwenye joto la nyuzi 32 mbwa mzee anaweza kuishiwa maji mwilini kabla ya jioni. Kinachobadilishwa ni saa ya kula na saa ya kutoka: mlo wa mwisho saa 10 jioni, kutolewa nje saa 4 usiku, tena saa 11 alfajiri.

Wiki ya 5: Zawadi na nywele za mahindi

Nywele za mahindi zinasifiwa kila mahali, kwa watu na kwa mbwa, kama dawa ya mkojo. Tumezijaribu kwa Zawadi ili kuona.

Maandalizi: nywele mbichi za mahindi yaliyovunwa siku hiyohiyo kwenye shamba lisilopigwa dawa. Sehemu ya juu nyeusi inakatwa na kutupwa. Zinaanikwa kivulini penye upepo mpaka zikatike zikikunjwa. Gramu 5 za nywele kavu kwenye mililita 250 za maji, moto mdogo dakika 10, kuchuja, kupoza. Mililita 60 juu ya chakula asubuhi na 60 mchana, jioni hapana.

Kinachoharibika hapa ni ukaushaji. Nywele zikirundikwa zikiwa na unyevu zinaota ukungu ndani ya siku mbili, na ukungu wa mahindi ndio ule unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na ini la mbwa linadhurika nayo kwa wepesi. Nywele zenye harufu ya uvundo, madoa meusi au vumbi la kijivu hazichemshwi, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa kuchemshwa. Vilevile unga wa dona wa mbwa usiwe ule "uliokataliwa na watu".

Taulo za Zawadi hazikushuka. Zilipanda kidogo, usiku kadhaa zikapita gramu 80, na saa 11 alfajiri alikuwa anasubiri mlangoni. Tumesitisha siku ya saba. Jike mmoja hathibitishi kanuni, lakini matokeo yanalingana na sifa ya dawa yenyewe: nywele za mahindi hutumiwa kukojosha. Anayekojoa kwa shida huenda zikamfaa, lakini anayevuja zinamjazia tangi. Kwa hoja hiyohiyo tumefuta kwenye mpango wetu chai ya choya, maji ya kuchemshia mbegu za matikiti na giligilani ya kukamua, vyote vikiwa ni vikojoshi vya kienyeji vinavyopendekezwa na watu wenye nia njema. Mmea "wa mkojo" siyo lazima uwe mmea wa kuvuja mkojo.

Siki ya tufaha pia imefutwa. Hatukupata sababu yoyote ya kumpa mbwa ambaye mkojo wake hauna maambukizi wala mawe, na mbwa wazee wengi wanakataa chakula chenye siki.

Wiki ya 6 hadi 11: uzito wa Malkia

Mafuta ya tumbo yanakikandamiza kibofu na kukisogeza nyuma kuelekea nyonga, na mrija unapoteza msaada wake. Malkia anatakiwa kuwa na kilo 30. Mbavu zake hazipapasiki bila kubonyeza.

Hesabu ya nishati ya mbwa anayepunguzwa, kwa kikokotoo cha simu: uzito unaolengwa zidisha kwa wenyewe mara tatu (30 × 30 × 30 = 27,000), bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili (164.3, kisha 12.8), zidisha kwa 70. Jibu ni kama kilokalori 897 kwa siku, chakula chote, pamoja na vitafunio.

Mlo wake wa siku, umegawanywa mara mbili: unga wa dona gramu 100 ukiwa mkavu (karibu kilokalori 360), dagaa wa Mwanza wakavu gramu 120 (karibu 360), boga la kuchemshwa gramu 300 (karibu 70), yai moja (70). Jumla inafika 860, iliyobaki tumeiachia mbegu za maboga zitakazoanza wiki ya 12. Unga unapimwa kwa mizani kabla ya kupikwa, kwa sababu ugali mkavu na ugali laini vinadanganya macho. Boga linajaza tumbo bila kunenepesha. Mchicha haukuwekwa: una oksaleti nyingi, na mbwa mwenye tatizo la mkojo hatumwongezei malighafi ya mawe.

Kushuka kunakotakiwa ni asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa wiki, kwa Malkia gramu 360 hadi 720. Wiki mbili za kwanza ameshuka vizuri. Wiki ya 8 mizani haikusogea, na tukagundua mlinzi wa usiku anampa chapati. Vitafunio vyake sasa ni vipande vya karoti vilivyotoka kwenye hesabu ileile. Matembezi yamepanda kutoka dakika 10 hadi 25 asubuhi na jioni, mwendo wa taratibu, nusu yake kwenye mwinuko ili misuli ya nyuma ifanye kazi. Usimkimbize mbwa mnene mwenye miaka 9. Magoti yataharibika kabla kibofu hakijapona.

Mwisho wa wiki ya 11 ana kilo 33.1. Taulo ziko kati ya gramu 15 na 40, na baadhi ya siku zinaamka kavu.

Pembeni: matandiko, ngozi na inzi

Kazi hii inaendelea tangu wiki ya kwanza. Kitanda ni fremu ya mabomba ya plastiki ya inchi moja na nusu yenye neti ya kivuli iliyokazwa kwa kamba, sentimita 15 kutoka sakafuni, chini yake sinia la plastiki. Sentimita 30 zinawashinda wenye viungo vibovu: wanaamua kulala sakafuni, na neti inabaki kavu bila maana. Taulo ya kipimo inatandikwa juu ya neti usiku wa kupima tu, ikiwa na plastiki chini yake.

Asubuhi mapaja na sehemu ya nje ya uke vinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu bila sabuni, vinakaushwa kwa kugusagusa, kisha vinapakwa mafuta ya mgando au ya nazi kwa utelezi mwembamba. Manyoya marefu yamekatwa. Mafuta yenye zinki ya watoto wachanga hayatumiki: mbwa atayalamba, na zinki ikiingia tumboni kwa wingi inaharibu damu.

Kuna inzi wa nchi za joto anayetaga mayai kwenye mchanga na nguo zenye harufu ya mkojo. Mabuu yake yanapenya ngozi ya mbwa na kutengeneza majipu yenye tundu dogo katikati. Mbwa anayevuja na kulala mchangani anamkaribisha. Zawadi alikuwa na manne tumboni. Tundu linafunikwa kwa mafuta ya mgando kwa muda, buu likikosa hewa linasogea juu, ndipo linakamuliwa kwa vidole viwili likiwa zima. Likipasuka ndani linaleta usaha. Matandiko yanaanikwa kwenye kamba, kamwe si juu ya majani wala mchanga, na yanapigwa pasi pande zote mbili.

Sakafu: maji mengi kwanza, kisha siki sehemu moja kwa maji sehemu tatu. Dawa ya klorini kama Jik isimwagwe juu ya mkojo, kwani ammonia na klorini vikikutana vinatoa hewa inayochoma mapafu ya mbwa na ya mfagiaji. Klorini na siki pia havichanganywi.

Wiki ya 12 hadi 15: mbegu za maboga na soya

Tumeziacha hadi sasa kwa makusudi, baada ya chumvi na uzito kutulia, ili tusiwape mbegu sifa isiyo yao.

Mbegu za maboga zisizo na chumvi (zile za vifungashio vya vituo vya daladala zina chumvi): osha, anika, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka zianze kupasuka, poza, saga. Mbegu nzima zinapita tumboni kama zilivyoingia. Unga unakaa kwenye friji kwa wiki mbili, baada ya hapo mafuta yake yanaanza kuharibika na harufu inabadilika. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai, karibu gramu 3, kwa kila kilo 10. Malkia vijiko vitatu, Zawadi viwili na nusu. Kila gramu ina zaidi ya kilokalori 5, ndiyo maana zimo kwenye hesabu. Ukizidisha, kinyesi kinalainika, na mbwa mwenye historia ya kongosho kuvimba asipewe kabisa.

Unga wa soya una viambata vinavyoiga estrojeni kwa udhaifu. Soya lazima ichemshwe na kukaangwa kabla ya kusagwa, kwa sababu ikiwa mbichi inazuia usagaji wa protini na kuleta gesi. Nusu ya kijiko cha chai kwa kilo 10. Jike aliyewahi kuwa na uvimbe wa matiti asipewe.

Utafiti uliopo juu ya mbegu za maboga na soya umefanywa zaidi kwa binadamu, wengi wao wakiwa na kibofu kisichotulia, yaani kinachojikamua kabla ya wakati. Hilo ni tatizo jingine, si msuli wa mrija uliolegea. Tumezijaribu tukijua hivyo. Malkia amebaki palepale, gramu 10 hadi 35, na tunachukulia kushuka huku kidogo ni kilo zinazoendelea kupungua. Zawadi amebaki gramu 40 hadi 70. Hakuna aliyedhurika. Maoni yetu: ni chakula kizuri cha kutafunia, lakini si tiba.

Kahawa, baada ya amoksisilini, amekuwa mkavu, na mkojo uliooteshwa tena haukuotesha kitu. Tumeulizwa kuhusu kranberi, tunda dogo jekundu la ng'ambo, ili maambukizi yasirudi. Kwenye jaribio la 2017 lililofanywa kwa mbwa wenye jeraha la mgongo, kranberi haikupunguza bakteria kwenye mkojo. Juisi za dukani zina sukari, nyingine zailitoli, kitamu cha badala ya sukari, ambayo ni sumu kwa mbwa, na mchanganyiko wa matunda makavu huwa na zabibu, ambazo zinaua figo zake. Hatununui.

Wiki ya 16 hadi 19: Zawadi anapewa dawa ya hospitali

Zawadi si mnene, hali chumvi, hana maambukizi, ametoka nje kila usiku, amejaribu mbegu, na bado analala kwenye mkojo. Kuendelea kumtafutia mimea ni kumwongezea mateso.

Dawa mbili zilizungumzwa na daktari. Fenilpropanolamini inaukaza msuli wa mrija moja kwa moja na kwa mbwa wengi inafanya kazi vizuri, lakini inapandisha shinikizo la damu. Shinikizo la Zawadi lilipimwa akiwa ametulia, mara kadhaa, likabaki karibu na 165, juu ya mpaka wa 160. Dawa hiyo ikaachwa. Mtu asijaribu kuiiga kwa vidonge vya mafua vya binadamu: vingi vina dawa nyingine zinazopandisha moyo, na parasetamoli juu yake.

Imechaguliwa estrioli, estrojeni ya muda mfupi ambayo Marekani iliidhinisha kwa mbwa mwaka 2011. Damu kamili ilipimwa kwanza. Homa ya kupe imeenea hapa, na ile sugu inadhoofisha uboho. Estrojeni nayo, kwa dozi kubwa, inaweza kuudhoofisha. Chembe za kugandisha damu zilikuwa za kutosha. Ameanza miligramu 2 mara moja kwa siku kwa wiki mbili, dozi ileile bila kujali uzito, kisha miligramu 1.

Siku ya tano taulo ilikuwa na gramu 12. Kuanzia wiki ya pili, taulo ni kavu. Uke umevimba kidogo na madume wawili wa banda wameanza kumfuata, jambo linalotarajiwa kwa dozi ya juu, kwa hiyo amehamishiwa upande wa majike. Anayemwekea dawa anavaa glavu. Mjamzito hagusi vidonge hivyo.

Yanayofuata

Zawadi: wiki ijayo miligramu 0.5, taulo kila usiku. Akibaki mkavu siku saba, dozi itatolewa siku moja baada ya nyingine. Akivuja, tunarudi dozi iliyotangulia. Shinikizo na damu kamili kurudiwa mwezi ujao.

Malkia: kilo 32.2 leo. Mbegu zinaondolewa kwa wiki mbili kuona kama taulo zitapanda. Lengo la kilo 30 linabaki, na likifikiwa huku bado anavuja, atapimwa shinikizo kabla ya kuanza fenilpropanolamini.

Kahawa: mkojo kwa sindano mara moja zaidi, kisha anafungiwa faili la mradi.

Manunuzi: dagaa wa Mwanza kilo 10, betri za mizani, neti ya kivuli mita 4.